Somo: Kupiga besi yenye namba kwenye sonata ya basuni ya Telemann

Kila mara naulizwa mbona karatasi ya kinanda ina mstari mmoja tu wa besi na vinamba, basi naweka hapa, someni kabla ya kuja inbox. Natumia sonata ya F maina ya basuni (ala ya kupuliza yenye sauti nene) na besi, TWV 41:f1 (namba yake kwenye orodha ya kazi za Telemann), mtunzi Mjerumani Telemann aliitoa Hamburg kwenye jarida lake la muziki la 1728 hadi 1729.

1. Tafuta nakala yenye namba.

2. Piga besi peke yake mpaka ikae mkononi.

3. Namba inakuambia noti za kuongeza kwa mkono wa kulia, unazihesabu kutoka noti ya besi kwenda juu. Pasipo na namba weka ya tatu na ya tano. 6 ni ya tatu na ya sita. 4 ikifuatwa na 3, shikilia ya nne halafu ishushe taratibu hadi ya tatu.

4. HAPA NDO WENGI WANAHARIBU. Basuni inaimba chini, kulekule besi yako iliko, sasa ukijaza kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) nene katikati unaimeza yote na msikilizaji anabaki na mngurumo. Mkono wa kulia ukae kuanzia C ya kati kwenda juu, noti 2 au 3 zinatosha, na usimfuate mwenzio melodi yake. Halafu chunga sana: akishuka chini ya besi yako kodi inageuka, we unashika F yeye yuko C ya chini, sikio linaichukua C ndo besi. Hapo shusha mkono wa kushoto oktavo moja.

5. Sonata ina sehemu nne. Triste ni ya polepole na sauti ya harpsikodi (kinanda cha zamani cha nyuzi za kukwanyuliwa) inakufa haraka, vunja kodi, yaani piga noti zake moja moja kutoka chini kwenda juu. Allegro, Andante na Vivace piga kodi fupi.

MASWALI

– Mkuu tupia pdf
Namba ya TWV iko juu. Itafute.

– Hizo namba si za vidole?
Hapana. Rudi hatua ya 3.

– Mwalimu, kwani Telemann alishindwa nini kuandika kodi zote?
Swali zuri sana dada. Wapiga kinanda wa wakati ule walifundishwa kujaza wenyewe kulingana na chombo na ukumbi, na jarida lenyewe lilikuwa kurasa 4 kila wiki mbili, nafasi hakuna, mpaka sonata moja inakatwa vipande toleo hili na lijalo, mnunuzi lazima arudi.

– Sina basuni, chelo je?
Inafaa, ufunguo ni uleule wa besi. Ukikuta noti chini ya C yake ya mwisho ipandishe oktavo. Wapiga filimbi ya rekoda pia wanaipiga.

– Sisi tulikutana mazoezini tuni zikagongana
Harpsikodi nyingi za muziki huu noti yake ya A iko 415 (mitetemo kwa sekunde), basuni ya kisasa iko 440 au zaidi kidogo, hiyo ni karibu nusu toni, na mwanzi wa basuni hauwezi kuifidia. Ulizaneni kwa simu kabla.