Namna ya kusoma tangazo la dalali wa yoti bila kulewa sifa

Nianze kwa kusema sina hela hata ya ngalawa, tusije tukasumbuana huko mbele. Ila kila usiku kabla sijalala napitia matangazo ya yoti, zile boti za kifahari zinazouzwa Monaco, Antibes, Palma na Fort Lauderdale. Wenzangu wanaangalia tamthilia za Kituruki, mi naangalia boti ya euro milioni kumi na mbili yenye "sebule inayokukumbatia". Sa baada ya muda mrefu wa uzembe huu nimeshajua kuyasoma, na kuna mabaharia wetu wa Dubai na Ulaya wananiuliza wakiitiwa kazi kwenye boti iliyo sokoni, wanataka kujua wanaenda kukuta nini, basi nashusha yote hapa.

Jua kwanza dalali anakula wapi. Kamisheni inatoka kwa muuzaji, kawaida wanaitaja asilimia 10 ya bei, boti ikiwa kubwa sana inashuka kwa maelewano, na hata yule anayejiita dalali wa mnunuzi mara nyingi anamegewa humohumo. Mtu anakula asilimia ya bei halafu umtegemee akuambie bei imezidi? Hana tofauti na dalali wa vyumba wa Dar na "dakika tano toka stendi" yake, dakika tano za bodaboda na dereva awe anakimbizwa. Mi nilishahamia chumba chenye "mazingira tulivu", kumbe dirisha linatazama makaburi. Na kweli palikuwa patulivu, sikuwa na pa kumshika.

Hapo ndo pa kuelewa, dalali mzoefu hadanganyi. Anakusifia kitu ambacho hakipimiki. Kuna kesi ya Uingereza ya miaka ya 1890, wanasheria wanaijua kwa jina la Carlill, kampuni ilitangaza dawa yake ya mafua ikaahidi pauni 100 kwa yeyote atakayeugua akiwa ameitumia vizuri. Mama mmoja akaitumia, akaugua, akadai. Kampuni ikajitetea eti yale yalikuwa maneno ya biashara tu, mahakama ikakataa maana tangazo lenyewe lilisema pauni 1,000 zimeshawekwa benki kuonyesha hawatanii. Namba iliwabana. Wangesema tu dawa yao ni "ya ajabu" wangelala usingizi. Madalali wa boti wanaliishi hilo kila siku, namba chache, sifa nyingi, na mwisho kabisa kwa herufi za kupepesa macho wanaandika kwamba taarifa hizi zinaaminika kuwa sahihi ila hawazidhamini, mnunuzi alete mkaguzi wake. Hicho ndo kipande pekee kwenye tangazo zima ambacho hakina machweo.

Kwa hiyo anza kusoma chini ndo upande juu. Halafu chukua ile aya ya mwanzo ufute kila sifa, uone kinabaki nini. Hii nimeitunga mwenyewe lakini ukiyasoma mawili matatu utaona sijaongeza chumvi:

"Kwa mara ya kwanza sokoni, malkia huyu wa mita 38 ni ndoto iliyochongwa na mikono ya mafundi wa Italia, mwenye umbo lisilochuja, aliyelelewa bila kuhesabu gharama na mmiliki anayeachana naye kwa moyo mzito."

Futa. Kimebaki: mita 38, Italia, inauzwa. Mwaka haupo, na mwaka ukikosekana kwenye aya ya kwanza ujue boti ni ya zamani kiasi kwamba wameona bora "umbo lisilochuja" litangulie. Na huyo "malkia", Waingereza wamezoea kukiita chombo kwa kiwakilishi cha mwanamke. Gazeti la meli la Lloyd's List liliachana na hayo 2002, madalali wala hawana habari. Kwetu chombo ni chombo, ki-vi, hakina jinsia, ndo maana ukilisoma tangazo lao kwa Kiswahili unasikia kama baba anamtafutia bintiye mchumba.

Misamiati mingine ukiizoea inajifungua yenyewe. "Ina haiba" ni kuukuu. "Ina nafasi ya mmiliki mpya kuweka ladha yake" maana yake ndani panahitaji kubomolewa. "Imethibitishwa baharini" imetumika sana, hiyo wala si mbaya, mi ningeichukua kabla ya iliyokaa gatini. "Muuzaji ana nia ya dhati" ndo ile bei maongezi yetu, anza chini kabisa na usione aibu. Na "mmiliki anajenga nyingine kubwa zaidi" inaweza kuwa kweli tupu, hawa watu hawatosheki, ila pia ni njia nzuri ya kukuzuia usiulize kwa nini anaiuza hii.

Twende kwenye namba sasa, maana nazo zinapangwa. Utaona "kasi hadi maili 26 za bahari kwa saa" na pembeni yake "inatembea maili 1,500 bila kujaza mafuta". Zote mbili zinaweza kuwa kweli, tatizo haziwi kweli siku moja. Ile kasi ni ya juu kabisa, ipatikane boti ikiwa nyepesi na bahari imelala, ule umbali umepigiwa hesabu ya mwendo wa kuvizia, maili kumi hivi kwa saa. Ukikanyaga mafuta hiyo 1,500 inayeyuka. Dai kila umbali ukiwa na mwendo wake. Urefu nao uliza umepimwa toka wapi, maana wengine wanahesabu na kijukwaa cha kuogelea cha nyuma. Ukubwa wa ndani hauko kwenye mita, uko kwenye tani za ujazo, GT, ambayo licha ya kuitwa tani haina uhusiano na uzito. Ukiona 499 usidhani ni bahati, wajenzi wanajibana makusudi maana ukifika 500 kanuni za usalama na za mabaharia zinakuwa nzito zaidi. "Inalaza 12" pia ina mzizi kwenye sheria, chombo kikibeba abiria zaidi ya 12 kinahesabiwa meli ya abiria na masharti yake ni mengine, kwa hiyo wengi wanaivuta iguse 12 hata kama wawili watalala kwenye kitanda cha kukunjua ukutani.

Saa za injini, yaani muda wote ambao injini imeshafanya kazi, ndo pananiudhi. Boti ya miaka ishirini, saa 600, wanaiandika kama medali. Injini ya baharini isiyowashwa inaota kutu na mipira inakauka, muulize fundi yeyote wa boti Kilindini. Uliza na saa za jenereta, maana boti ikitia nanga injini zinazimwa lakini AC na majokofu hayazimwi, mara nyingi jenereta imekula saa mara kadhaa ya injini na kwenye tangazo haitajwi.

Halafu kuna neno "rifiti", yaani ukarabati. "Rifiti kubwa 2021" inaweza kuwa wamefungua injini, wamebadilisha mabomba na nyaya, au wamebadilisha mapazia. Neno ni lilelile. Omba orodha ya kazi pamoja na risiti, akikuletea picha za makochi umeshajibiwa.

Hili linalofuata ndo ningekuambia ulishike kama mengine yote utasahau. Boti kubwa zinazokaguliwa na taasisi kama Lloyd's Register zina ukaguzi mkubwa kila baada ya miaka mitano, boti inapandishwa nchi kavu, inapekuliwa, na bili yake inauma. Wamiliki wengi wanaamka na "moyo mzito" miezi michache kabla ya tarehe hiyo. Kama ukaguzi umeshafanyika, tangazo litaupigia tarumbeta juu kabisa. Likikaa kimya, hesabu mwaka wa kujengwa kwa mitano mitano uone tumefika wapi.

Picha nisiziseme sana. Lenzi pana, glasi mbili za shampeni, machweo. Angalia kama kuna picha ya chumba cha injini, picha arobaini za mito na hakuna hata moja ya injini, unanielewa. Soma na maandishi chini ya picha, wakati mwingine ni za boti pacha yake, siyo yenyewe.

Kizuri chajiuza kibaya chajitembeza, sawa, na kweli kuna boti zinauzwa kimyakimya bila tangazo lolote. Ila madalali wameshaligeuza na hilo kuwa tangazo, "inapatikana kimyakimya", imetumwa kwa watu elfu.

Ukiamua kumwandikia dalali, kwa ajili ya bosi wako au kwa ajili ya kazi, usijibu kwa lugha yake, andika fupi hivi: "Habari. Naomba mwaka wa kujengwa, tarehe ya ukaguzi mkubwa unaofuata, saa za injini na jenereta, orodha ya rifiti na risiti, hati ya kodi ya VAT, na picha za chumba cha injini za mwezi huu." Usiweke amana kabla hajajibu, na kwa mikataba mingi inayotumika Ulaya amana ni asilimia 10 ndo ukaguzi na safari ya majaribio vifuate, kwa hiyo soma kipengele cha kurudishiwa hela kabla hujasaini. Akikujibu kwamba "picha haziwezi kumtendea haki, njoo umwone mwenyewe", nauli ya ndege iwe yake.