Kipimajoto cha shira na mafuta: jinsi ninavyokichagua

Mamangu hajawahi kushika kipimajoto. Hudondosha tone la shira kwenye bakuli la maji baridi, akalifinya, akasema "bado" au "epua". Vidole vyangu havikurithi elimu hiyo. Niliunguza kashata za karanga sufuria tatu mfululizo ndipo nikaenda dukani, na cha kwanza nilichonunua hakikunifaa kitu: kilikuwa cha kupimia nyama, kikomo chake nyuzi 120.

Basi tazama kikomo kwanza. Shira ya kaimati, ile inayovuta uzi kati ya vidole, iko nyuzi 106 hadi 112 za Selsiasi. Kashata ya karanga inayokatika ka! inataka 146 hadi 154. Mafuta ya kaimati zenyewe na ya viazi karai mimi huyaweka 170 hadi 180. Kwa hiyo chukua kinachofika 200 au zaidi. Angalia pia kimeandikwa kwa kipimo gani, maana vingine ni vya Farenhaiti, na 300 ya Farenhaiti ni 149 yetu.

Aina ni nyingi. Cha mshale ni rahisi na hakitaki betri, ila kijiti chake huhitaji kuzama sentimita kadhaa ndipo kiseme kweli; shira ya vikombe viwili haimtoshi huyo. Cha kioo sikitaki jikoni kwangu. Ukikitoa kwenye shira ya moto ukakitia maji baridi kinapasuka, na kipande cha kioo ndani ya kashata nani atakiona? Bastola za kupimia joto kwenye paji la uso, zile za wakati wa Korona, hazifai kabisa. Hata zile za mafundi, zinazofika mamia ya nyuzi, husoma uso wa mafuta tu, tena mvuke huzidanganya. Mimi natumia cha dijitali chenye kibanio cha kushika ukingo wa sufuria. Shira inapanda yenyewe, nami naendelea kumenya karanga. Ncha isiguse kitako cha sufuria, la sivyo utapima chuma badala ya shira.

Ukishanunua, usikiamini. Jaza kikombe barafu iliyopondwa, mimina maji kidogo, koroga, chomeka ncha katikati usubiri. Kinapaswa kusema 0. Kisha kitie kwenye maji yanayotokota, na hapa mimi nilijiaibisha. Nilikuwa nimezoea Mombasa, ambako maji huchemka kwenye 100. Nilipohamia Nairobi kikasoma 94. Nikakirudisha dukani kwa makelele, nikabadilishiwa, na kipya nacho kikasema 94! Kumbe Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa inayokandamiza maji ni hafifu, nayo huchemka mapema. Barafu ingeniokoa, kwani kipimo chake hakibadiliki ukihama mji.

Jambo hilo linagusa shira pia. Kashata niliyokuwa nikiiepua kwenye 150 Mombasa, Nairobi naiepua kwenye 144. Nikingoja 150 shira inakuwa imekaukiwa maji kupita kiasi. Toa tofauti ile ile uliyoiona kwenye maji. Hesabu hiyo ni ya shira, si ya mafuta ya kukaangia.

Kikikosea kwa kiasi kile kile kila siku, hicho kinatumika. Changu husoma 2 kwenye barafu, nimekibandika kipande cha plasta nikaandika "toa 2". Kinachosema 0 leo na kesho 4 kirudishe, hata muuzaji akikunja uso. Na kabla ya kutoka dukani muulize kama betri zake zinapatikana hapo hapo.