Kabla hujabandika nembo kwenye kichezeo

Nina miaka 14 katika kazi ya kuagiza zawadi za matangazo, na wateja wengi huanza na swali lile lile: "Dada, nembo itakaa wapi?" Nami huwarudishia swali: nyumbani kwa mtu utakayempa, nani mdogo kuliko wote?

Kalamu yenye nembo hubaki mfukoni mwa aliyepewa, na daftari hubaki mezani kwake. Kichezeo hakitulii mahali. Unampa mhasibu wa miaka 50 kwenye maonyesho ya biashara, anakitia mkobani, na jioni hajavua hata viatu mtoto ameshakidaka. Mwenye nyumba hana watoto? Basi kitapewa wa jirani, au kitasubiri wageni wenye watoto. Kwa hiyo hata kama mteja anasema "hivi ni vya watu wazima tu," mimi hukichagua kana kwamba kitaishia kwa mwenye kutambaa.

Somo hili nililipata chini ya meza. Kampuni moja ilitaka vigari vidogo vya plastiki kuwagawia madereva. Madereva ni watu wazima, nikasema, hapa hakuna tatizo. Nikaagiza 3,000, magurudumu ya kupachika, na kwenye boksi tukaandika kwa herufi ndogo kwamba havifai kwa watoto wa chini ya miaka 3. Kimoja nikampelekea dada yangu akione. Mpwa wangu, wa mwaka mmoja na nusu, akaingia nacho uvunguni na kutulia. Mtoto akinyamaza ghafla, inuka ukatazame. Niliinama nikakuta gari lina magurudumu matatu, na la nne liko shavuni mwake. Nililitoa kwa kidole. Kesho yake nilipiga simu tukasimamisha ugawaji, na mteja yule hakunipa kazi tena. Sikumlaumu.

Tangu siku hiyo nina kimrija cha kupimia mezani. Maabara za usalama wa vichezeo hutumia silinda yenye kipenyo cha milimita 31.7, ambayo chini yake imekatwa mshazari, kina chake kikianzia milimita 25.4 upande mmoja hadi 57.1 upande wa pili. Imekadiriwa kwa koo la mtoto wa chini ya miaka 3. Kitu chochote kinachoingia chote humo, bila kukandamizwa, kinahesabiwa kuwa kipande kidogo cha kumkaba mtoto. Kama huna silinda, kiini cha karatasi ya chooni kitakufaa kwa kuanzia: ni kipana zaidi kidogo, kwa hiyo kitakataa hata baadhi ya vitu ambavyo maabara ingevikubali, na hilo halina hasara. Mipira ina kipimo chake. Marekani, mpira wa mtoto wa chini ya miaka 3 lazima uwe na kipenyo kinachozidi milimita 44.4, maana kitu cha mviringo huziba koo vibaya kuliko chenye pembe.

Lakini kupima kichezeo kikiwa kizima hakutoshi. Gari langu lilikuwa kubwa kuliko kimrija. Kilichoingia ni gurudumu. Kwanza kivunje, ndipo ukipime. Mimi hukiangusha mara kumi kutoka urefu wa meza kwenye sakafu ngumu, hukisokota, hukivuta kila kilichopachikwa. Midoli ya manyoya naipa mtihani wa ndoo. Kiwango cha Ulaya, EN 71, kinataka sehemu iliyopachikwa, kama jicho au pua, ihimili mvuto wa nyutoni 90 kwa sekunde 10 (nyutoni 50 ikiwa sehemu yenyewe haizidi milimita 6). Nyutoni 90 ni kama uzito wa kilo 9. Basi namfunga dubu kwenye kitasa cha mlango, nazungushia uzi wa nailoni nyuma ya jicho lake, na kwenye uzi naning'iniza ndoo yenye lita 9 za maji; uzito wa ndoo yenyewe unajaza kilichopungua. Ndoo isiwe juu zaidi ya kiganja kutoka sakafuni. Mara ya kwanza niliiweka juu, jicho likang'oka, na nikashinda asubuhi nzima nikipiga deki. Huo si ushahidi wa kupeleka popote, maabara ndiyo yenye neno la mwisho, ila utakuokoa usilipie maabara kwa mdoli ambaye angeanguka mtihani hata mbele ya ndoo. Siku hizi najiepusha na usumbufu wote huo: macho ya kudarizi kwa uzi. Hayang'oki, na dubu mwenye macho ya kudarizi ana upole fulani usoni.

Na usijifiche nyuma ya onyo la "haifai kwa watoto wa chini ya miaka 3". Kama kitu chenyewe kwa umbo na ulaini wake ni cha mtoto mchanga, onyo halikiondoi kwenye kundi hilo. Ulaya midoli laini ya kukumbatiwa huhesabiwa ya watoto wachanga, uandike usiandike.

Kuna vitu ambavyo mimi sigusi kabisa, hata mteja akibembeleza. Betri za kitufe: moja ikikwama kwenye umio la mtoto huweza kuunguza nyama ndani ya saa 2. Wewe ukilazimika kutoa kichezeo cha kuwaka taa, kifuniko cha betri kifungwe kwa skrubu. Sumaku ndogo zenye nguvu: mtoto akimeza mbili, zinatafutana ndani ya matumbo na kuyabana katikati. Puto za mpira nimeziacha pia, ingawa ni rahisi na nembo hukaa vizuri. Kipande cha puto lililopasuka hukaba kuliko karibu kitu kingine chochote kwenye orodha yangu.

Sasa makaratasi. Mwuzaji atakutumia ripoti ya maabara yenye mihuri mingi. Isome. Itaje EN 71, au ASTM F963 ya Marekani, au ISO 8124 ya kimataifa, kulingana na unakogawa. Tazama picha iliyo ndani: je, ni kichezeo chako au ndugu yake? Tarehe ni ya lini? Kisha uliza swali ambalo wengi hawaulizi: wino wa nembo yangu umepimwa? Ripoti nyingi ni za kichezeo kitupu, kabla hakijachapwa. Ukishachapa nembo, wino huo ni sehemu ya kichezeo, na ndiyo sehemu ambayo mtoto atailamba kwanza kwa sababu ina rangi. Sheria ya Marekani ya mwaka 2008 iliweka ukomo wa madini ya risasi katika vichezeo, na kwa rangi ya juu ukomo ni sehemu 90 kwa milioni. Mwuzaji asiyejua wino wake una nini, mimi humshukuru na kufunga simu.

Usalama ukishapita, ndipo tunacheza. Ndiyo, tunacheza. Nikipata sampuli tano, huziacha mezani wakati wa kikao kisichohusiana nazo, nisiseme neno. Watu wanaongea bajeti huku mikono inatembea. Kichezeo kilichorudiwa mara tatu na mikono mitatu tofauti ndicho chetu. Kile kilichosifiwa "kizuri" kisha kikaachwa, nakiondoa, hata kama ndicho kilichompendeza mkurugenzi kwenye picha.

Pia, kile kichezeo cha kuzungushwa kwa ncha yake, ilinifundisha mengi. Mteja alitaka pia za mbao, nembo juu yake ikiwa na jina kamili la kampuni. Sampuli ya kwanza ilizunguka sekunde 8 ikaanguka kama mlevi; ncha yake ilikuwa butu na mpini haukuwa katikati. Ya mwuzaji mwingine ilikwenda sekunde 40 na zaidi. Tukaichukua hiyo, tukaizungusha na nembo yake, na hapo ndipo tulipocheka: pia ikizunguka, jina halisomeki. Herufi zote zilikuwa ukungu wa kijivu. Tukafuta maandishi, tukachora duara tatu za rangi za kampuni, moja ndani ya nyingine. Duara haiharibiwi na mzunguko. Pia inazunguka, rangi zinakaa kimya mahali pake, na jina likawekwa dogo upande wa chini, mahali ambapo mtu hulisoma pia ikishalala. Mteja alisita. Akauliza, "Dada, sasa watajuaje ni sisi?" Nikamwambia wataiokota, wataigeuza, watasoma, kisha wataizungusha tena. Kila ikianguka, anasomwa.

Tangu hapo, kabla ya kuamua nembo ikae wapi, nakitazama kichezeo kikiwa kazini. Mpira wa kubinya wa sponji: nembo ikae upande usiokunjwa sana, maana wino hupasuka mahali ambapo vidole hubonyea kila siku. Kisahani cha kurusha kina uwanja mpana, ila katikati ndiko kunakosomeka, pembeni kunakwaruzwa na ardhi. Ule mchemraba wa rangi aliouvumbua Ernő Rubik mwaka 1974 una nyuso 6 zenye miraba 9 kila mmoja. Ukieneza nembo moja kwenye uso mzima, itakuwa vipande tisa vilivyotawanyika mpaka mtu aupange. Wengine wanaona hilo ni kasoro. Mimi naona ni mchezo, ilimradi mraba wa katikati uwe na alama inayojitegemea. Angalizo: jina la mchemraba huo ni alama ya biashara ya wenyewe, kama zilivyo sura za wahusika maarufu wa katuni. Usizitie kwenye zawadi yako bila kibali cha maandishi, hata kiwanda kikikuambia "tunafanya hivyo kila siku".

Kuhusu uchapaji nitasema machache. Kuchapa kwa pedi kunafaa sehemu ndogo zilizopinda, kama kifua cha bata wa mpira: pedi laini ya silikoni inachota wino kwenye bamba lililochongwa na kuubandika pale. Kila rangi huwa na bamba lake na gharama yake, kwa hiyo nembo ya rangi moja inaokoa fedha. Uchapaji wa skrini, wino ukipitishwa kwenye wavu, ni kwa nafasi tambarare na kubwa. Leza kwa mbao na chuma, haibanduki. Darizi kwa kitambaa. Peleka nembo katika faili la vekta (mchoro usioharibika ukikuzwa) na namba za rangi za Pantone (mfumo wa kutaja rangi kwa namba), si picha uliyoikata kwenye tovuti. Sampuli iliyochapwa ikifika, isugue kwa kitambaa kibichi mara hamsini, kisha bandika utepe wa gundi juu ya nembo na uubandue kwa ghafla. Wino ukitoka na utepe, mwambie mwuzaji arudi jikoni.

Bosi mmoja aliwahi kutaka bata wake awe na nembo, kaulimbiu, namba mbili za simu na anwani ya tovuti. Bata mwenyewe urefu wake sentimita 5. Sikubishana. Nilimchapia mmoja kama alivyotaka na mwingine mwenye nembo tupu, nikaviweka mbele yake. Alimshika wa pili, akamminya akalia, akacheka. Namba za simu ziliishia kwenye kikadi cha boksi.

Ratiba hesabu ukianzia mwisho. Siku ya kugawa, rudi nyuma: forodha, meli, uzalishaji, marekebisho ya sampuli, sampuli. Ukitaka umbo lako mwenyewe badala ya lililopo sokoni, ongeza muda na fedha za kuchonga kalibu, na andikeni mapema kalibu hiyo ni mali ya nani. Vichezeo vingi vya dunia hutoka China, na Mwaka Mpya wa Kichina huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari. Viwanda hufungwa kwa wiki kadhaa, na mafundi wengine hawarudi. Oda ya mwezi wa tatu ifungwe kabla ya hapo au isubiri. Soma pia kifungu cha idadi kwenye mkataba, kwani wauzaji wengi hujiwekea haki ya kuleta pungufu au ziada kidogo na kukutoza kilichofika. Kama wageni ni 1,000 kamili, usiagize 1,000.

Mzigo ukifika, usifungue boksi la juu. La juu hupangwa na mtu anayejua litafunguliwa. Chukua la katikati na la chini kabisa, toa vichache kila moja, uvipitishe mtihani ule ule wa sampuli: anguko, mvuto, kimrija, utepe. Viwili viweke kabatini na namba ya toleo na tarehe vikiwa vimeandikwa juu yake. Miaka miwili baadaye mzazi akipiga simu kwamba kitu kimevunjika, utakuwa na cha kushika mkononi wakati unamsikiliza. Langu lina rafu tatu. Kwenye ile ya chini kabisa kuna kigari chenye magurudumu matatu.