Maradhi ya Samaki wa Tangi Huanzia Majini

Samaki wa tangi akianza kuzubaa pembeni au kupumulia juu ya maji, wengi hukimbilia kununua dawa, ilhali kinachopaswa kupimwa kwanza ni maji yenyewe. Kinyesi na mabaki ya chakula huzalisha amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoishi ndani ya chujio huigeuza kuwa nitriti, sumu nyingine, kisha nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hao huhitaji takriban wiki 4 hadi 6 kustawi katika tangi jipya, kwa hiyo anza na samaki wachache, na sponji ya chujio uisuuze kwa maji uliyoyatoa tangini, kwa kuwa klorini ya mfereji huwaua. Badilisha robo ya maji kila wiki, ukitumia maji yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini.

Anayetumia maji ya kisima mjini Nakuru apime pia pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, kwani mengi ya maji hayo yana alkali, na amonia huzidi ukali kadiri pH inavyopanda. Kisumu tatizo ni joto: maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, hivyo pampu ya hewa ni ya lazima.

Ugonjwa unaosumbua zaidi ni wa madoa meupe, yanayofanana na chembe za chumvi kwenye mapezi na mwili. Nakuru, iliyo zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, usiku wa baridi hushusha joto la tangi lisilo na hita, na samaki aliyedhoofishwa hivyo hushambuliwa upesi. Kimelea anayeuleta ugonjwa huu hujificha chini ya ngozi, ambako dawa haimfikii. Akikomaa huanguka chini, hujifunga ndani ya gamba, kisha hutoa mamia ya watoto wanaoogelea kumtafuta samaki. Ni hao tu wanaouawa na dawa, na ndiyo sababu anayeacha tiba mara madoa yanapotoweka huuona ugonjwa ukirudi. Pandisha joto polepole hadi nyuzi 30, ongeza hewa, kisha yeyusha gramu 2 za chumvi safi kwa kila lita, ukizigawa kwa siku mbili, na uendelee kwa wiki 2. Kambare na mimea mingi haistahimili chumvi, basi ihamishe kwanza mimea, na kambare umpe kipimo kidogo zaidi.

Samaki mgeni, hata fulu aliyevuliwa Ziwa Victoria, akae chombo cha peke yake kwa wiki 3 au zaidi, na wavu wake usiguse tangi kuu. Mapezi yanayooza mara nyingi hupona maji yakisafishwa. Usimimine vidonge vya antibiotiki vya binadamu. Aliyevimba tumbo hadi magamba yakasimama ni nadra kupona: mtenge, na akifa mwondoe mara moja, kwa sababu wenzake wakimdonoa huweza kuambukizwa.