Jinsi ya kuandika "waligombana" kwa Kiingereza bila kuzua taharuki

Mwongozo huu ni wa waongoza watalii na wapishi wa msafara, Moshi na Arusha, ambao kila wakishuka mlimani wanadaiwa ripoti ya Kiingereza. Habari za mvua, chakula na afya ya wageni mnaziandika vizuri. Kinachowakwamisha ni pale watu walipokorofishana. Kijana mmoja niliyemsaidia aliandika: "The porters fought with the cook at Karanga Camp." Maswali yakamiminika kutoka nje: nani kaumia, polisi wamearifiwa, wageni wako salama? Kumbe wagumu wawili, yaani wapagazi, walikuwa wanabishana na mpishi nani abebe mtungi wa gesi, kwa kuwa mzigo wa mmoja ulishafika kilo 20 zinazoruhusiwa. Walipaza sauti, wakaelewana, wakala.

Hatua ya 1: Anza na Kiswahili, kwenye karatasi

Tumia daftari na kalamu. Programu ya kutafsiri iliyo kwenye simu siipendi kwa kazi hii, maana haikuwepo kambini.

Hatua ya 2: Kata neno "gombana"

Kazi yote iko hapa, kwa hiyo usiwe na haraka.

Waliotupiana maneno tunasema wamegombana. Waliotupiana ngumi, wamegombana. Mtu na wifi yake wasiosalimiana tangu Krismasi, nao wamegombana. Kiingereza kina neno tofauti kwa kila kundi. Basi kabla ya kutafuta neno la Kiingereza, badilisha "gombana" kwa kitenzi cha Kiswahili kilicho chembamba zaidi. Ukishakipata, Kiingereza chake kinakuja chenyewe.

Walitofautiana tu? Andika "disagree". Halina hasira ndani yake. Mmoja anataka kundi liondoke kambi ya Barafu saa tano usiku, mwingine saa sita: "The guides disagreed about the departure time."

Walibishana? "Argue". Hapa kila mtu anashikilia lake, na mara nyingi sauti zimepanda. Ila nomino yake, "argument", ina maana nyingine pia, yaani hoja. Mgeni akikwambia "that's a good argument", amekusifu.

Walirushiana maneno kwa hasira? "Quarrel" ni sahihi, ingawa lina harufu ya ukale kidogo. Siku hizi wengi husema "they had an argument". Waingereza wana "row", linalotamkwa kwa mlio wa "now". Ukilitamka kwa mlio wa "go" umesema safu, au kupiga kasia. Lielewe ukilisikia, lakini kwenye ripoti mimi siliweki.

Walipigana? Hapo ndipo "fight", na hapo tu. Najua mtaniambia mmewasikia wageni wakisema "we had a fight" na hakuna aliyemgusa mwenzake. Ni kweli, wapenzi na ndugu husema hivyo kwa ugomvi wa maneno. Mgeni akikwambia hivyo kuhusu mumewe, usidhani kapigwa, wala usidhani hajapigwa. Muulize kwa upole, faraghani. Lakini kwenye karatasi inayosomwa na mtu aliye mbali, "fight" linasomeka kama ngumi. Tena "fight with" lina pande mbili. Ukimweleza mgeni habari za Vita Kuu ya Kwanza huku kwetu ukasema "the askari fought with the Germans", anaweza kuelewa walikuwa upande wa Wajerumani, au walipambana nao. Ukitaka maana ya dhidi, sema "against". Ukitaka maana ya pamoja, sema "alongside".

Wamekosana, hawaongei? "Fall out". "They fell out over tips" maana yake bakshishi imevunja urafiki, na huenda mpaka leo hawajapatana.

Mmoja alimgombeza mwenzake? Hapa tunakosea wengi, Tanzania na hata Kenya: "the chief guide quarrelled me". Msomaji wa nje anashangaa, kwa sababu "quarrel" halichukui mtendwa namna hiyo. Ni lazima mgombane wawili. Kugombeza ni "tell off": "The chief guide told me off for being late."

Hatua ya 3: Vihusishi

Mtu ni "with", jambo ni "about" au "over". "Discuss" halitaki "about".

Ripoti ya yule kijana tuliiandika upya hivi: "Two porters argued with the cook about who should carry the gas cylinder. No one was hurt, and they settled it before dinner." Sentensi ya pili usiiache kamwe. Msomaji anataka kujua yalikwishaje.

Hatua ya 4: Maneno makubwa yaache kwa mambo makubwa

"Dispute" ni mgogoro wenye madai: ardhi, mshahara, mkataba. Mgumu akidai siku mbili hajalipwa na ofisi inakataa, hiyo ni "dispute" hata kama hakuna aliyepaza sauti. "Conflict" ni zito zaidi, na likisimama peke yake linavuta fikra za vita. Mikataba ya amani ya Rwanda mwaka 1993 na ya Burundi mwaka 2000 ilisainiwa Arusha kwa ajili ya "conflict" za namna hiyo. Mtungi wa gesi haufiki huko. Kwa ratiba zinazogongana, hata hivyo, kitenzi chake ni cha kawaida kabisa: "The two bookings conflict."

Hatua ya 5: Chunga "lie"

Kwa Kiswahili "unanidanganya" tunaweza kulisema tukicheka. Kwa Kiingereza "you are lying" ni shutuma nzito, na ukiandika "the client lied" unaweza kupoteza mteja na kazi. Andika alichosema yeye, kisha mlichoona ninyi: "The client said the tent was wet. We checked it and found it dry." Uamuzi mwachie anayesoma.