Eksirei safi isikutulize: maambukizi ya mfupa kwa watoto
Mtoto anayechechemea au anayekataa kutumia mkono bila sababu inayoeleweka, shuku maambukizi ya mfupa hata kama hana homa. Bonyeza kwa kidole kimoja, taratibu, ukianzia mbali na panapouma huku ukimtazama usoni. Maumivu yanayong'ang'ania sehemu moja ya mfupa, hasa juu au chini kidogo ya goti, yana uzito mkubwa. Eksirei ya mwanzo mara nyingi huwa safi, kwani mabadiliko ya mfupa huchukua siku 10 hadi 14 kuonekana. Hata hivyo ipige, ili kutafuta mvunjiko au uvimbe. Pima CRP na ESR, vipimo vya damu vinavyopanda mwili unapopambana na maambukizi. CRP ndiyo hupanda mapema. Damu ya kuotesha bakteria ichukuliwe kabla ya antibiotiki, ila mtoto aliyezidiwa asicheleweshewe dawa. MRI (picha ya kutumia sumaku) huonyesha mapema kuliko eksirei. Wenye selimundu ndio wagumu zaidi kutambua, maana maumivu ya mishipa ya damu kuziba hufanana sana na haya. Kiungo kikivimba na mtoto hakubali kikunjwe, aonwe na daktari wa upasuaji siku hiyohiyo: usaha ndani ya kiungo humung'unya gegedu (tishu laini inayofunika ncha za mifupa) haraka.