Kumfikisha kaa Mombasa akiwa hai wakati wa kaskazi

Kaa wa kwanza niliowapoteza kwa wingi niliwaua kwa huruma. Ilikuwa Februari, kaskazi, upepo wa msimu wa joto, imekaza, nimenunua kaa 70 kwa wavuvi wa Faza, kisiwani Pate, wanaowachokoa mikokoni, na boti ya kwenda Mokowe, gati la Lamu upande wa bara, imechelewa. Nikawaona wanatoa povu mdomoni, nikadhani wanakufa kwa kukosa maji. Nikajaza pipa maji ya bahari, nikawatumbukiza, nikafunika turubai jua lisiwapige. Nilipofunua baada ya saa tatu, zaidi ya nusu walikuwa wamelegea magando. Wale kumi na wawili waliobaki ndani ya gunia bichi chini ya mwembe, kwa sababu pipa lilijaa, walikuwa wakali vilevile kama walivyotolewa shimoni.

Nilitafuta sababu kwa muda mrefu, na nilipoipata nilibadilisha kila kitu katika kazi yangu. Naieleza hapa kwa anayeanza biashara hii, maana kila mwaka naona pipa lile lile kwenye magati yetu.

Kaa havuti maji, anavuta oksijeni iliyomo ndani ya maji, na hiyo ni kidogo mno. Lita moja ya maji ya bahari yenye joto la nyuzi 30 hubeba miligramu 6 na kidogo za oksijeni. Lita moja ya hewa ina takriban miligramu 270. Piga hesabu: ndoo nzima ya lita 20 ina oksijeni pungufu ya iliyomo katika nusu lita ya hewa. Tena oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mara 10,000 kuliko hewani, kwa hiyo maji yaliyotulia yakishamalizwa pumzi, hayajazwi upesi kutoka juu. Kaa wa mikoko ameumbwa akae shimoni maji yakipwa. Matamvua yake yakiwa na unyevu, anaweza kuvuta hewa hii hii tunayovuta sisi. Mimi niliwatoa penye wingi nikawafungia penye uhaba.

Sasa joto. Watu husema maji ya moto hayana hewa. Ni kweli, lakini hiyo ndiyo sehemu ndogo ya habari. Kutoka nyuzi 25 za Agosti, kusi inapovuma, hadi nyuzi 30 za Machi, uwezo wa maji kubeba oksijeni hupungua chini ya sehemu moja ya kumi. Anayebadilika sana ni mnyama mwenyewe. Hana joto lake, mwili wake hufuata joto la pale alipo. Joto likipanda nyuzi 10, umetaboli wake, yaani kasi ya mwili kutumia chakula na oksijeni ili uishi, huongezeka mara 2 hadi 3. Kwa hizo nyuzi 5 tu, kaa aliyetulia kimya anaweza kuhitaji pumzi karibu nusu zaidi ya aliyohitaji wakati wa kusi.

Mwaka 1947 mtaalamu wa Toronto, F. E. J. Fry, aliandika juu ya nafasi iliyopo kati ya pumzi nyingi kabisa anayoweza kuvuta samaki na ile ndogo anayohitaji akiwa ametulia. Mimi naiita akiba ya pumzi. Humo ndimo mnyama anamotoa nguvu za kukimbia, kupigana, kusaga chakula, kujivua gamba na kupona jeraha. Joto hukipandisha kile kiwango cha chini, na uhaba wa oksijeni hukishusha kile cha juu. Vikikutana, mnyama hana cha kutumia zaidi ya kukaa hai, na hata hilo si kwa muda mrefu. Yote ninayokuambia kuanzia hapa ni kulinda akiba hiyo.

Anza kwa kuchagua. Bonyeza gamba chini ya tumbo. Likibonyea, huyo ametoka kujivua juzi, amechoka na hana nguvu. Mrudishe majini, hata mvuvi akikupunguzia bei. Kisha gusa jicho kwa kijiti. Kaa mzima hulikunja papo hapo. Akichelewa, akiba yake imeshapungua kabla safari haijaanza.

Mfunge magando pale pale, kwa kamba ya katani iliyolowa. Kufunga si kwa ajili ya vidole vyako tu. Kaa wanaopigana ndani ya tenga wanatumia pumzi, na wakishindwa kuipata ya kutosha misuli hufanya kazi bila oksijeni na kujaa asidi. Lile ni deni, na atalilipa baadaye.

Usimlishe siku moja kabla ya safari. Najua inaonekana ukatili, hata mama yangu alinikemea kwa hilo. Lakini kusaga chakula kunapandisha mahitaji ya oksijeni kwa saa nyingi, na mnyama mwenye tumbo tupu husafiri na akiba yake nzima. Wala hachafui tenga.

Panga kaa kwenye tenga au pakacha, tumbo chini, safu zisizidi tatu. Weka majani mabichi ya mkoko chini, gunia la katani lililolowa maji ya bahari juu. Lilowe, lisichuruzike hadi chini kukawa na dimbwi. Usitumie mfuko wa nailoni, maana ndani yake joto hupanda na hewa haizunguki. Kila saa moja au mbili lilowanishe tena gunia. Maji yanapokauka juu yake yanaondoka na joto, na upepo wa bahari ukipita, tenga linakuwa baridi kuliko hewa ya nje. Nilinunua kipimajoto cha kawaida nikakichomeka katikati ya tenga. Tangu siku hiyo nikiona kimepita nyuzi 28 namwagia maji, sisubiri saa itimie.

Lile povu nililoliogopa ni maji yaliyobaki kwenye matamvua yakichanganyika na hewa. Likiwa jepesi si hatari. Likizidi, linakuambia anaanza kukauka, basi mwagia.

Barafu isimguse. Wanyama wetu ni wa maji ya vuguvugu, na baridi kali ya ghafla nayo huua. Nikilazimika, kwa mfano boti ikilala Mokowe, naizungushia barafu gazeti na gunia kavu, naiweka kando ya tenga. Nyuzi 20 hivi zinatosha. Kwa kamba mawe, yaani kambakoche, wa Kizingitini kuwa mwangalifu maradufu, kwa sababu maji baridi ya barafu iliyoyeyuka ni maji matamu, yasiyo na chumvi, na maji matamu humdhuru.

Samaki ni habari nyingine kabisa. Matamvua yake yakitolewa majini hushikana kama nywele zilizolowa, hivyo hata katikati ya hewa tele anakosa pumzi. Anayesafirisha vifaranga vya mwatiko lazima awe na maji, pampu ya hewa, na asafiri usiku.

Ukiwa na vizimba vya kunenepesha kaa, hatari yako ni alfajiri ya maji mafu, siku ambazo bahari haijai wala haipwi sana. Usiku mimea na vijidudu vyote vya majini hutumia oksijeni bila jua la kuitengeneza tena, na mkondo wa maji mafu haubadilishi maji ya kizimba vya kutosha. Wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, huna shida. Kwa hiyo siku za maji mafu za Machi mimi hupunguza chakula, hulisha maji yakiwa yanajaa, na mabaki nayatoa siku hiyo hiyo, kwa kuwa yakioza bakteria nao watavuta oksijeni.

Mwisho ni mapokezi, na hapa wanunuzi wengi wanaharibu. Kaa aliyesafiri tangu alfajiri ana lile deni la asidi, na kulilipa kunahitaji oksijeni nyingi kuliko kawaida. Usimtumbukize na wenzake 50 kwenye tangi lililotulia. Kwanza ondoa gunia, mwagia maji ya bahari kidogo kidogo kwa dakika kumi. Kisha mzamishe na kumtoa mara mbili tatu, mpaka hewa itoke kwenye matamvua na mapovu yakome. Ndipo umwache kwenye maji yanayopita, wachache kwa wakati, magando yakiwa bado yamefungwa. Chakula mpe kesho yake.